MAISHA YA SEYYIDA SALME BINTI SAID, NA HAKI YA JAMAA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Seyyida Salme alikuwa binti wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Alizaliwa katika jumba la Mtoni, Unguja, tarehe 30 Agosti 1844. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, maana zamani zile mabinti walisomeshwa Kurani wala hawakufundishwa kushika kalamu.

Baba yake alifariki mwaka 1856, na mama yake mwaka 1859. Mwaka ule ule wa 1859 Seyyid Barghash aliinuka kumpindua nduguye, Seyyid Majid, na Salme akawa mwandishi wa barua za Barghash. Shauri lile likavunjika. Salme alipopatana na Majid baadaye, Barghash na wenziwe wakamwona amewageuka. Basi ufa uliingia nyumbani kabla ya safari yoyote.

Kisha Salme akajuana na tajiri wa Kijerumani aliyekuwa akifanya biashara Unguja, Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg, akachukua mimba yake. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Na huko, Mei 1867, akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Umbali haukuwa ajabu kwa nyumba ile, ambayo watu wake walikuwa Maskati na Unguja pia. Kilichowachoma jamaa zake ni kuiacha dini.

Mwaka 1870 Ruete alifariki baada ya kuumizwa na tramu, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Seyyid Majid naye akafa mwaka huo huo, na Barghash akatawala. Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alimfuata huko ili amwone nduguye. Kwa maelezo yake mwenyewe, wakubwa wa Kiingereza walimzuia wakimwahidi msaada wa kulea wanawe, na msaada ule hakuupata.

Agosti 1885 alifika Unguja pamoja na wanawe, baada ya miaka 19. Lakini alikuja katika msafara wa manowari za Kijerumani, zilizokuja kumlazimisha Barghash aache kupinga mikataba ambayo Carl Peters aliifanya mwaka 1884 katika Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami, upande wa milima ya Uluguru ilipo Mkuyuni. Ndugu alitazama baharini akaona mizinga, na dada yake nyuma ya mizinga. Hakumpokea. Watu wa mjini walimsalimu njiani, na mlango wa ndugu ukabaki umefungwa. Mwaka 1886 Salme akatoa kitabu cha maisha yake mjini Berlin. Mwaka 1888, Barghash amekwisha kufa, akarudi tena Unguja. Seyyid Khalifa bin Said naye hakumpokea. Akakaa miaka mingi Jaffa na Beirut, na mwisho akafa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg.

Hukumu ya dini yake iko kwa Mola wake. Ama haki ya jamaa, sheria imekwisha kuibainisha. Mama yake Asma binti Abubakar alimjia Madina kutoka Makka, naye ni mushriki. Asma akamwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamwamuru amuunge mamaye. Basi tofauti ya dini haikufunga mlango ule. Barghash alikuwa na udhuru wa manowari; Khalifa hakujiwa na manowari kwa ajili yake.

Na katika habari hii liko zingatio kwa kila mwanamume aliye na dada au binti aliyeolewa mbali, ikiwa ni binti wa Mkuyuni aliyeteremka kwa mume Bagamoyo, au wa Bagamoyo aliyevuka kwenda Maskati. Mwanamke aliyeolewa ugenini hurudi kwao kwa hisani ya wanaume wawili: mume ampaye ruhusa na nauli, na ndugu amfunguliaye mlango. Akizuiwa na mmoja wao, ameachwa peke yake. Na atakayeulizwa kwa kukata jamaa si yule aliyebisha hodi, bali yule aliyeisikia akanyamaza.

Wallahu aalam.