Marehemu Bwana Julius Rosenwald, Tajiri Mjenzi wa Shule

Twapenda kuwasimulia wazee na wanachama wetu maisha ya Bwana Julius Rosenwald, aliyezaliwa Springfield, Marekani, mwaka 1862. Hakumaliza shule ya sekondari. Alikwenda New York kujifunza biashara ya nguo kwa wajomba zake. Baadaye akawa mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck, akatajirika mno.

Mwaka 1912 alianza kushirikiana na Booker T. Washington kujenga shule za watoto Weusi wa Kusini, waliokuwa wakipunjwa fedha za elimu na serikali za huko. Sharti lake lilikuwa moja: wenyeji wachange, na serikali nayo itoe sehemu yake. Maskini wale, waliokwisha kulipa kodi kama wengine, wakatoa tena fedha, ardhi na nguvu za mikono, hata michango yao ikazidi yake. Alipofariki mwaka 1932, shule karibu 5,000 zilikuwa zimejengwa.

Basi tuwaendeapo matajiri kwa ajili ya sekondari zetu, tutangulize mchango wetu, wala tusiiachilie serikali sehemu yake.