Rocky Marciano: Ngumi nzito mtu huzaliwa nayo au hufundishwa?

Simu zikifunguliwa kwenye kipindi cha michezo na mada ikawa ndondi, ubishi hauchelewi: huyu kazaliwa na ngumi nzito, yule kaitafuta mazoezini. Maisha ya Rocky Marciano, bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa miaka ya 1950, yanafaa kuupima ubishi huo.

Alizaliwa Septemba 1, 1923 mjini Brockton, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwa wazazi waliohamia kutoka Italia. Jina lake hasa ni Rocco Marchegiano. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha viatu, kazi ambayo kijana aliapa kuikwepa. Ndoto yake ilikuwa besiboli. Mwaka 1947 akaenda kwenye majaribio ya klabu ya Chicago Cubs, akarudishwa nyumbani kwa sababu hakuweza kurusha mpira sawasawa. Kijana huyohuyo aliyeshindwa mpira ndiye aliyekuja kumaliza mapambano 43 kabla ya muda.

Mwaka 1948 alifika New York kwa kocha Charley Goldman, mzee mfupi aliyewahi kuwa bondia. Marciano alikuwa na miaka 24, amechelewa. Kimo hakikufika futi sita, mikono mifupi, kujikinga hajui, na miguu yake aliitanua mno anaposimama. Uzito wake haukuzidi sana kilo 84, kwa hiyo leo angewekwa daraja la chini ya uzito wa juu. Ila ngumi yake ya kulia ikimfikia mtu, mtu analala. Hiyo alikuja nayo kutoka Brockton.

Shida ni kwamba haikufika mara nyingi. Aliirusha kutoka mbali, akakosa, akayumba. Kocha mwingine angemlazimisha asimame wima kama mabondia warefu. Goldman alimwinamisha zaidi, mpinzani akose pa kupiga. Miguu akamfunga kwa kamba mazoezini ili isitanuke. Hapo ndipo penye siri, kwa maoni yangu: ngumi huanzia mguuni, mguu husukuma ardhi, kiuno huzunguka, bega hufuata, mkono unakuja mwisho. Miguu ikikaa vibaya, nguvu inabaki chini. Akafundishwa pia kuutumia mkono wa kushoto, ambao mwanzoni ulikuwa kama haupo. Mwenyewe aliongeza mbio ndefu za kila siku, na kurusha ngumi ndani ya maji ya bwawa la kuogelea.

Mapambano yake 16 ya mwanzo yote yaliisha kwa KO. Kisha ikaja Desemba 30, 1949, ukumbi wa Madison Square Garden. Raundi ya sita alimwangusha Carmine Vingo, kijana wa miaka 20, naye akapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Vingo alipona lakini hakupanda tena ulingoni. Marciano naye alikaa karibu miezi mitatu bila pambano, na aliporudi dhidi ya Roland La Starza alishinda kwa pointi, tena kwa tabu.

Oktoba 1951 alimsimamisha Joe Louis raundi ya nane. Pambano la ubingwa likafuata Septemba 23, 1952 mjini Philadelphia dhidi ya Jersey Joe Walcott. Raundi ya kwanza Marciano alikwenda chini, mara ya kwanza maishani mwake. Mpaka raundi ya 12 majaji wote watatu walikuwa wamempa Walcott uongozi. Raundi ya 13 Walcott akarudi nyuma mpaka kwenye kamba, wote wawili wakataka kupiga mkono wa kulia, na wa Marciano ukatangulia. Ulisafiri umbali mfupi sana. Walcott akashuka taratibu, mkono mmoja umenasa kwenye kamba. Yule Marciano wa 1948 asingeweza kupiga ngumi hiyo. Angejivuta nyuma kwanza, na angechelewa.

Alitetea mkanda mara sita, akastaafu Aprili 1956 akiwa na ushindi 49, bila kupoteza wala sare. Goldman alifariki mwaka 1968. Marciano alifuata Agosti 31, 1969, ndege ndogo ilipoanguka karibu na mji wa Newton, jimbo la Iowa. Siku iliyofuata angetimiza miaka 46.