George Green, Msaga Unga

Hapa Kafutuma kila mvuvi ajua kwamba ubao hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Hata mimi nilijua, lakini kwa uvivu nilichonga kafi katika kipande kifupi cha ubao, nyuzi zikikatiza mpini. Likavunjika tukiwa mbali na pwani ya Mweru, nami na kaka yangu tukarudi kwa kupiga maji kwa mikono. Alinisema njia nzima. Nilipomweleza mwalimu wetu habari hizo, alinitajia George Green.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1793 huko Nottingham, Uingereza, mtoto wa mwoka mikate. Shule alisoma kama mwaka mmoja tu, kisha akaingia kazini kwa baba yake, ambaye mwaka 1807 alijenga kinu cha upepo huko Sneinton. Green akawa msaga unga, na hesabu akajifunza mwenyewe. Mwaka 1828 alitoa kitabu juu ya umeme na sumaku. Walioagiza walikuwa 51 tu, na sidhani wengi wao walikielewa. Mwaka 1833, akiwa na miaka 40, aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Nami nina miaka 19 tu, na huona haya kuwa mkubwa darasani!

Huko alichunguza mwanga, uliodhaniwa wakati ule kuwa ni mawimbi ndani ya kitu chenye kunyumbuka kilichojaa kila mahali. Ili kueleza jinsi kitu kama hicho kinavyokubali kuvutwa na kupindwa pande zote, zingehitajika namba 36. Green akafikiri hivi: upinde uliovutwa huweka ndani yake ile kazi ya mkono uliouvuta. Kwa kanuni hiyo namba zilipungua zikawa 21. Na kwa kitu chenye pande tatu za ulinganifu zilizo mraba, zikabaki 9.

Mti ndio wa namna hiyo: kuna urefu wa nyuzi, kuna kutoka moyo kwenda gome, na kuna kuzunguka pete. Namba tatu hupima ugumu wa kuvutwa, tatu ugumu wa safu kuteleza juu ya safu, na tatu jinsi ubao unavyopungua upana ukivutwa. Kwa urefu wa nyuzi, ubao huweza kuwa mgumu mara kumi au ishirini kuliko kwa kukatiza.

Leo mhandisi hugawa umbo la mashua katika vipande vidogo vingi ndani ya kompyuta, akaipa namba zile 9. Lazima pia aiambie nyuzi zinaelekea wapi. Akikosea hapo, mashine haitasita hata kidogo. Itampa jibu safi, na mashua itakuwa kama kafi langu.

Mwaka 1839 Green alichaguliwa kuwa mmoja wa wakuu wa chuo chake, lakini afya ilimwacha. Akarudi kwao, akafa tarehe 31 Mei 1841. Mwaka 1845 kijana William Thomson alipata kile kitabu cha zamani, akakipeleka Paris kwa wanahesabu, kikachapwa upya. Baadaye sana watu wa Nottingham walikitengeneza kinu cha Sneinton, kikasaga unga tena.