Maisha ya Lord Kelvin na Hewa Inayoisukuma Ardhi

Ndugu wasomaji wa Lodwar na Kakuma, kila mmoja wenu ajua kuwa joto la huku kwetu huja mara moja kwa siku: hupanda baada ya adhuhuri, na usiku likashuka. Lakini mwenye kuitazama barometa, yaani kipimo cha uzito wa hewa, ataona jambo jingine. Uzito huo hupanda mara mbili, kiasi cha saa nne asubuhi na saa nne usiku. Na hushuka mara mbili, kiasi cha saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti yake ni kama sehemu 3 katika 1000, wala mwili hauihisi. Huko Ulaya dhoruba huificha. Hapa, karibu na Ikweta, huonekana wazi. Jua ni moja, mbona hewa ijae mara mbili? Aliyelifuata swali hili mpaka likamfikisha kwenye mzunguko wa Ardhi yenyewe ni William Thomson, ajulikanaye kwa jina la Lord Kelvin.

Bwana huyu alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 26 Juni 1824. Alifiwa na mama yake akiwa na miaka 6, na baba yake, mwalimu wa hesabu, akawa ndiye mlezi wake na mwalimu wake wa kwanza. Kisha walihamia Glasgow, Scotland, na mtoto huyo akiwa na miaka 10 akaingia katika Chuo Kikuu cha huko. Alikuwa bado kijana mdogo aliposoma kitabu cha Mfaransa Fourier juu ya joto. Humo alijifunza kuuchambua mwendo wowote unaojirudia, auone kuwa ni jumla ya mawimbi mepesi. Elimu hiyo aliitumia umri wake wote. Baada ya kusoma Cambridge, alirejea Glasgow mwaka 1846 akiwa profesa wa miaka 22, na kiti hicho alikikalia kwa miaka 53.

Kazi zake zilikuwa nyingi. Mwaka 1848 aliweka kipimo cha joto ambacho mpaka leo chaitwa kwa jina lake. Mwaka 1866 alisaidia kulaza waya wa simu chini ya bahari kutoka Ireland hadi Amerika. Kati ya 1872 na 1873 alitengeneza mashine ya kukadiria kujaa na kupwa kwa maji bandarini, na mabaharia wakapata kujua saa za maji kabla ya wakati wake.

Aliyezoea kuyapima maji hakushindwa kuitazama hewa. Mwaka 1882 alilieleza jambo hili mbele ya wanachuoni wa Edinburgh. Ilikwisha julikana kuwa mwezi huyavuta maji ya bahari, nayo Ardhi izungukapo huyachukua mbele kidogo ya mwezi. Mwezi ukayavuta nyuma, na Ardhi ikapunguza mwendo. Kwa sababu hiyo siku yetu hurefuka kwa kiasi cha sehemu mbili za elfu moja ya sekunde katika kila miaka 100. Kelvin akaonyesha kuwa hewa hufanya kinyume chake. Saa nne asubuhi hewa imejaa juu ya Lodwar, ilhali jua liko utosini mwa Bahari ya Hindi, mashariki yetu. Jua basi huivuta hewa hiyo iliyojaa kuelekea mashariki, na mashariki ndiko Ardhi izungukiako. Hewa huisukuma Ardhi mbele. Kwa hesabu yake, msukumo huo ulikuwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kile ambacho maji hupunguza.

Lakini kwa nini mara mbili? Alidhani kuwa hewa yote ni mfano wa bembea yenye mpigo wake wa saa 12, ikisukumwa kwa wakati wake. Hapo alikosea. Wataalamu wa baadaye walipata kuwa mpigo wa hewa ni kiasi cha saa 10 na nusu. Joto la jua lina ndani yake wimbi la saa 12, linaloshikwa na mvuke wa maji na hewa ya ozoni iliyo juu. Wimbi la saa 24 hujizuia lenyewe kwa sehemu kubwa.

Wala hilo silo kosa lake la pekee. Aliihesabu Ardhi, tangu 1862, kuwa na umri wa miaka milioni chache makumi au mamia, na kwa ukubwa wa jina lake wengi waliogopa kumpinga. Mwaka 1895 John Perry, aliyekuwa msaidizi wake, alionyesha kuwa msingi wa hesabu ile una udhaifu. Leo umri huo wajulikana kuwa miaka milioni 4540 hivi.

Tena tazameni ajabu. Kosa lake la bembea limepata mahali pake. Zamani Ardhi ilizunguka kwa haraka zaidi, na siku ilipokuwa kiasi cha saa 21, nusu yake ililingana na mpigo wa hewa. Mwaka 1987 Zahnle na Walker walisema kuwa wakati huo msukumo wa hewa uliweza kuuzuia mwezi usiirefushe siku kwa muda mrefu sana. Na tafiti za 2023 zimetaja siku ya kiasi cha saa 19, ingawa mjadala ungalipo. Na Zuhura, yenye hewa nzito mara 90 kuliko yetu, huzunguka kinyumenyume kwa siku 243. Mwaka 1969 Gold na Soter walieleza kuwa hewa yake hushindana na mvuto wa jua, ikaizuia isiliangalie jua kwa uso mmoja daima.

Kelvin alifariki tarehe 17 Desemba 1907, akazikwa Westminster kando ya Newton. Basi, ndugu, tusimfuate mtu kwa ukubwa wa jina, wala tusimtupe kwa kosa lake. Barometa ya Lodwar haijui jina la mtu yeyote. Kesho saa nne asubuhi itapanda tena, na mwenye macho na aitazame mwenyewe.