Shosho wa Keki za Bangi

Unamjua shosho aliyesaidia kugeuza sheria kwa keki? Mary Jane Rathbun, almaarufu Brownie Mary, alizaliwa Chicago 1922, akawa weita San Francisco. Bintiye wa pekee alikufa ajalini. Mwanzo keki za bangi alikuwa akiuza. Karao wakamnasa 1981, korti ikampa saa 500 za kutumikia jamii. Hapo ndipo alipokutana na wagonjwa wa Ukimwi. Akawaokea bure wapate hamu ya kula, akiwaita watoto wake. Akakamatwa tena mara mbili, wapi! Hakuacha. 1996, baada ya raia kukusanya saini, wapigakura wa California waliruhusu wagonjwa wenye idhini ya daktari kujikuzia bangi. Mary aliaga 1999. Wewe je, ungefungwa pingu kwa mtoto usiyemzaa?