Victor Grignard, mtu wa hesabu aliyefundisha dunia kuunganisha kaboni

Victor Grignard hakupenda kemia. Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tano 1871 huko Cherbourg, mji wa bandari nchini Ufaransa, baba yake akiwa mshona matanga ya meli. Alichotaka ni kufundisha hesabu. Lakini huko Lyon alianguka mtihani wa hesabu, akaenda jeshini, akarudi na kuushinda mwaka wa 1894. Rafiki mmoja ndiye aliyemsukuma aingie maabara ya kemia.

Mkubwa wake humo alikuwa profesa Philippe Barbier. Wakati huo wanakemia walikuwa na shida moja: kushikamanisha kaboni na kaboni. Dawa, rangi na manukato hujengwa juu ya minyororo ya kaboni, lakini kaboni hazishikani hivi hivi. Walitumia zinki, ila michanganyiko yake mingine iliwaka moto ikigusana na hewa tu. Barbier akajaribu magnezi mahali pa zinki. Mwaka wa 1899 alitangaza kwamba inawezekana, ingawa mara ilikubali, mara ilikataa. Kazi hiyo ngumu akamwachia Grignard.

Kijana alibadilisha utaratibu. Barbier alitia vyote pamoja kwa mara moja. Grignard alianza na magnezi ndani ya eteri kavu kabisa, akaongeza kiungo chenye iodini, akangoja magnezi iyeyuke. Ndipo akatia kile alichotaka kukiunganisha. Ikakubali, bila moto. Maji kidogo tu huharibu kazi yote, na hadi leo wanaoifanya hukausha vyombo kwanza. Alitangaza njia hiyo mwaka wa 1900.

Mwaka wa 1912 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Sabatier wa Toulouse. Barbier hakupata kitu. Wengi wangenyamaza na kufurahi. Grignard alimweleza rafiki yake kwamba angependa kungoja, kwanza Sabatier apewe pamoja na Senderens, mwenzake wa kazi, kisha yeye apewe pamoja na Barbier.

Vita vya 1914 vilimkuta akiwa profesa huko Nancy, akaitwa jeshini kwa cheo cha kaporali tu. Baadaye serikali ikamweka kwenye gesi za sumu: kutengeneza fosijeni na kutafuta namna ya kutambua gesi ya haradali ya Wajerumani. Ukurasa huu haupendezi, lakini ni wake pia.

Mwaka wa 1919 alirudi Lyon kushika kiti cha Barbier, na huko alifariki tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 1935.

Mwaka wa 1972, watafiti wa Japani na wa Ufaransa walionyesha kwamba nikeli kidogo tu inasaidia michanganyiko ya Grignard kushika kaboni ambazo zamani zilikataa. Wengine walitumia paladi, na Heck, Negishi na Suzuki wakapewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka wa 2010. Losartani, dawa ya presha, imetengenezwa viwandani kwa njia ya Suzuki. Tramadoli, dawa ya maumivu, hutengenezwa kwa magnezi ya Grignard mwenyewe.