Ada Lovelace na Programu ya Kwanza

Muhula uliopita niliandika programu yangu ya kwanza katika maabara ya kompyuta, ya kujumlisha namba kutoka 1 hadi 100. Nikabonyeza kitufe, macho kodo! Jibu likaja 4950. Wenzangu wakaangua kicheko, maana jibu sahihi ni 5050. Loh! Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu hakucheka. Alinituma maktabani nikasome habari za mwanamke aliyeandika programu kabla ya kompyuta kuwako. Nami nawasimulia.

Ada alizaliwa London, Uingereza, tarehe 10 Desemba 1815. Babake alikuwa Lord Byron, malenga mashuhuri. Wazazi walitengana Ada akiwa na mwezi mmoja hivi, na baba hakurudi tena. Mama, kwa kuchelea binti asije akafuata nyayo za babake, akamtia katika hisabati. Baadaye surua ilimlaza kitandani muda mrefu, akawa anatembea kwa magongo, lakini masomo hayakukoma.

Mwaka wa 1833, akiwa na miaka 17, alikutana na Charles Babbage, mbunifu wa mashine za kukokotoa. Aliolewa, akazaa watoto watatu, na bado hesabu hakuziacha. Mwaka wa 1843 alichapisha tafsiri ya makala ya Kifaransa ya Luigi Menabrea kuhusu mashine ya Babbage. Maelezo aliyoongeza mwenyewe yalikuwa marefu karibu mara tatu kuliko makala yenyewe! Humo alipanga, hatua kwa hatua, jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli. Wengi huiita programu ya kwanza duniani, ingawa wako wanaosema Babbage alimtangulia. Alieleza pia kwamba mashine haibuni lolote. Hufanya inachoamriwa tu.

Masikini, mashine yenyewe haikukamilishwa. Ada alifariki kwa saratani tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, akazikwa kando ya babake.

Lililonigusa zaidi ni hili: jedwali lake lilichapishwa likiwa na kosa, mahali pa kugawanya namba zimegeuzwa. Mimi kosa langu nililiona papo hapo. Yeye hakupata mashine ya kumwonyesha. Basi nikarudi maabara. Kumbe kompyuta ilikoma kwenye 99, vile vile nilivyoiamuru! Nikaandika 101 mahali pa 100, nikabonyeza. 5050! Safari hii hakuna aliyecheka.

Wenzangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.